Mwisho Unaujua, Mbona Bado Unasoma?

Msomaji anauliza: "Hadithi fupi za zamani, zile za kina Maupassant na Chekhov, nilizisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, kisha nikazisahau. Mwaka huu nimezirudia na zimenishika kuliko riwaya nyingi mpya ninazonunua, ingawa mwisho wa kila moja naujua. Rafiki yangu ananicheka. Anasema hadithi hizo zinadumu kwa sababu walimu wanazilazimisha, na kwamba mimi nimeshikwa na hamu ya ujana wangu tu. Je, ni kweli? Kama si kweli, zina nini? Na nikitaka kumpa moja asome, nimpe ipi?"

Rafiki yako amepatia nusu. Tuanze na nusu hiyo, maana sisi wapenzi wa fasihi huwa tunairuka kwa aibu.

Hadithi fupi inaenea ndani ya kipindi kimoja cha darasa, riwaya haienei. Mwalimu anaweza kuisoma yote kwa sauti, akauliza maswali na kutoa kazi kabla kengele haijalia. Mhariri anayekusanya hadithi kwa ajili ya shule huangalia mikusanyiko iliyomtangulia, akachukua zilezile, na atakayemfuata atafanya hivyohivyo. Isitoshe, mwandishi aliyefariki miaka mingi iliyopita hakimiliki yake imekwisha, kwa hiyo anayemchapisha hadaiwi na mtu. Mfaransa Guy de Maupassant aliandika hadithi zipatazo 300. Wasomaji wengi wanazijua mbili tatu, na si kweli kwamba zilizobaki zote ni makapi. Bahati ina mkono wake hapo, na uvivu wa wahariri pia.

Mtazame Mmarekani Kate Chopin. Mwaka 1894 jarida la Vogue lilichapisha hadithi yake ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita "Hadithi ya Saa Moja". Chopin alifariki mwaka 1904 na jina lake likafifia kwa miongo kadhaa, mpaka msomi wa Norway, Per Seyersted, alipokusanya kazi zake zote na kuzitoa mwaka 1969. Leo hadithi hiyo inafundishwa huku na huko. Hadithi yenyewe ilikuwapo muda wote huo. Ilihitaji mtu wa kuitoa kabatini.

Kwa hiyo ndiyo, shule na wachapishaji wanachangia. Lakini shule inaweza kukulazimisha usome mara ya kwanza. Haina uwezo wa kukurudisha kwenye kitabu ukiwa mtu mzima, usiku, bila mtihani mbele yako. Hapo ndipo hoja ya rafiki yako inapoishiwa, na hapo ndipo swali lako linapoanza kuwa gumu.

Mimi naamini hivi: hadithi fupi iliyodumu ni ile iliyoacha kazi fulani bila kuimaliza, kwa makusudi, ikamwachia msomaji. Na kwa kuwa msomaji wa miaka kumi na sita si yule wa miaka arobaini, kazi ile kila akiirudia huikuta mpya. Ndiyo maana kuujua mwisho hakukuharibii kitu. Wakati mwingine ndipo hadithi yenyewe inapoanza.

Chukua "Mkufu" wa Maupassant, wa mwaka 1884. Kwa ufupi: Mathilde Loisel, mke wa karani wa Wizara ya Elimu jijini Paris, anaazima mkufu wa almasi kwa rafiki yake tajiri, Bi. Forestier, ili aende nao kwenye dhifa. Anaupoteza. Yeye na mumewe wananunua mwingine unaofanana nao kwa faranga 36,000, wanaurudisha kimyakimya, kisha wanatumia miaka kumi kulipa deni. Mwishoni Mathilde, akiwa amechakaa kwa kazi za sulubu, anakutana na Bi. Forestier na kuambiwa kwamba mkufu ule ulikuwa bandia, wa faranga 500 kama ni nyingi.

Mara ya kwanza unashtuka. Ukishaujua mwisho, rudi mwanzo uone mwandishi alivyokuwa akikuonyesha ukweli waziwazi. Bi. Forestier anapoombwa mkufu wa almasi hasiti hata kidogo. Anautoa kama mtu anayeazimisha kitu cha kawaida, na sasa unajua kwa nini. Mkufu unapopotea, wenye kuazima wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limo ndani ya kikasha. Sonara anapekua vitabu vyake na kusema mkufu ule hakuuza yeye, alitoa kikasha tu. Dalili iko pale, imesemwa na sonara mwenyewe, na sote tunaipita kwa sababu tuna haraka ya kujua kama mkufu utapatikana. Halafu Mathilde anapourudisha ule wa faranga 36,000, Bi. Forestier hafungui hata kikasha. Alichokiogopa Mathilde ni kwamba kingefunguliwa. Msomaji wa mara ya pili anataka kupiga kelele: fungua!

Sasa mwangalie mume. Nilipokuwa kijana sikumwona kabisa, na nadhani hata wewe hukumwona. Jina lake la kwanza hatuambiwi. Alikuwa ameweka akiba ya faranga 400 anunue bunduki, awe anakwenda kuwinda Jumapili na rafiki zake. Mke anapotaka gauni la dhifa, anazitoa zote. Mkufu unapopotea, ndiye anayevaa tena na kutoka usiku kuutafuta njia nzima kwa miguu. Urithi wa baba yake, faranga 18,000, unakwenda wote. Zilizobaki anakopa huku na kule, na usiku ananakili maandishi ya watu kwa malipo ya senti chache kwa ukurasa. Katika miaka hiyo yote Maupassant hamwandikii hata neno moja la kulalamika. Je, ni upendo? Ni aibu? Au ni mtu asiyejua kufanya lingine? Na ni yeye huyuhuyu aliyemshauri mkewe aandike barua ya uongo, kwamba kifungo cha mkufu kimekatika na kinatengenezwa. Sentensi moja ya kweli siku ile ingewaokoa wote wawili.

Utaona sasa jinsi lile swali la darasani, "hadithi hii inatufunza nini?", linavyoinyonga kazi kama hii. Jibu linalotarajiwa ni kwamba tamaa mbaya. Sawa. Lakini mwanamke yule alilipa deni la miaka kumi hadi faranga ya mwisho, kwa mikono yake, bila kumdhulumu mtu. Msomaji ambaye hajawahi kudaiwa humhukumu upesi. Aliyewahi kudaiwa anasoma ukurasa uleule akaona ushujaa, na pengine anagundua kwamba kiburi chake Mathilde, kilekile kilichomponza, ndicho kilichompa nguvu ya kulipa. Na kuna jambo ambalo Maupassant hakuligusa kabisa: mkufu wa faranga 36,000 sasa uko kwa Bi. Forestier. Ataurudisha? Mathilde atausema ukweli kwa mumewe usiku ule? Hadithi inakatika mahali ambapo mwandishi mwingine angeanza sura mpya.

Usidhani lakini kwamba siri iko kwenye mwisho wa kushtukiza. Hilo ndilo kosa la watu wengi wanaojaribu kuandika hadithi fupi wakimwiga Maupassant au Mmarekani O. Henry, wakabaki na mtego mtupu. Mshangao hutumika mara moja. Hadithi ya O. Henry kuhusu zawadi za Mamajusi, ya mwaka 1905, inajulikana mwisho wake hata na watu ambao hawajawahi kuisoma: mke anauza nywele zake amnunulie mume mkufu wa saa, mume ameshauza saa amnunulie mke vichanio. Wahakiki wengi humwona O. Henry kuwa mwepesi, na kwa hadithi zake nyingi siwapingi, maana aliandika kwa kasi ya gazeti la kila wiki na inaonekana. Hii moja imewashinda. Inaanza na hesabu, dola 1.87, fedha ndogo inayohesabiwa mara tatu, na kuanzia hapo unajua unawatazama watu wawili maskini wanaoumizana kwa wema. Ukiurudia mwanzo huku ukijua mwisho, kila wanachokifanya kinakuuma mapema zaidi.

Kwa upande wa pili yuko Mrusi Anton Chekhov, ambaye mara nyingi hana mtego wowote. Katika hadithi yake ya mwaka 1886 ambayo nitaiita "Simanzi", mzee Iona Potapov anaendesha gari la theluji linalovutwa na farasi. Wiki hiyohiyo amefiwa na mwanawe. Jioni nzima anajaribu kumwambia mtu. Hakuna anayemsikiliza, na mwisho anamweleza farasi wake. Ni hayo tu. Ukimsimulia mtu kwa sentensi tatu kama nilivyofanya, anaweza kusema: kwa hiyo?

Nguvu yake imo katika jinsi Chekhov anavyokataa kuwafanya abiria kuwa mashetani. Abiria wa kwanza, ofisa wa jeshi, kwa kweli anauliza: mwanao alikufa na nini? Iona anageuka kujibu, na palepale sauti gizani inamkaripia aangalie njia. Ofisa anafumba macho. Vijana watatu wanaofuata, mmoja ana kibiongo, wanamtukana na kumpiga kisogoni, lakini wanamwambia pia kwamba sote tutakufa, jambo ambalo si uongo. Anapogeuka kuwasimulia, mwenye kibiongo anashusha pumzi na kushukuru kwamba wamefika. Kila mmoja ana sababu yake ndogo ya kutosikiliza, nasi sote tumewahi kuwa na sababu kama hiyo. Chekhov alikuwa na miaka 26 hadithi hii ilipochapishwa. Miaka miwili baadaye alimwandikia mchapishaji wake Suvorin kwamba kazi ya msanii ni kuliweka swali sawasawa, si kulitatua. Katika "Simanzi" hakuna hata mstari mmoja unaotuambia tuwe wema zaidi.

Ufupi huu haukushuka kutoka mbinguni, na wengine hushangaa wakiambiwa ulitoka wapi: magazetini. Chekhov alianza kuandika akiwa mwanafunzi wa udaktari mjini Moscow, familia yake ikimtegemea, kwenye majarida ya vichekesho ambamo hadithi ilipewa mistari kama 100, ukizidisha inakatwa. Maupassant aliwaandikia wasomaji wa magazeti ya kila siku ya Paris, kama Le Gaulois na Gil Blas. Mtu anayelipwa kwa nafasi ndogo hujifunza upesi kwamba sentensi isiyofanya kazi mbili haina mahali. Mwandishi Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa ameshalisema hilo kwa namna ya nadharia mwaka 1842, alipokuwa akihakiki hadithi za Mmarekani mwenzake, Nathaniel Hawthorne: hadithi isomwe kwa mkao mmoja, kati ya nusu saa na saa mbili, na kila neno tangu la kwanza lielekee kwenye athari moja iliyokusudiwa. Poe alikuwa akijipigia debe kidogo, maana ndivyo alivyokuwa akiandika mwenyewe. Hata hivyo alikuwa na haki. Riwaya unaiacha ukalala, ukaenda kazini, ukarudi ukiwa mtu mwingine. Hadithi fupi inakushika ukiwa na roho ileile mwanzo hadi mwisho, na mwandishi stadi anajua kuitumia saa hiyo.

Kuacha mambo nje, basi, ndiyo kazi kubwa, na kuna namna nyingi za kuacha. Mwingereza W. W. Jacobs, mwaka 1902, aliandika hadithi ya mkono mkavu wa nyani unaotimiza matakwa matatu. Wazazi wanaomba pauni 200, na fedha hizo zinakuja kama fidia ya mtoto wao aliyesagwa na mashine kiwandani. Mama anataka mtoto arudi. Usiku mlango unabishwa. Mama anahangaika na komeo, baba anautafuta mkono gizani ili aombe ombi la mwisho. Mlango unapofunguliwa, nje hamna mtu. Kilichokuwa kikibisha hakuna aliyeonyeshwa, hata wewe. Filamu za kutisha zimejaza skrini damu na bado hazijakifikia kile ambacho kila msomaji amekitengeneza mwenyewe nyuma ya mlango ule.

Mmarekani Ernest Hemingway, katika hadithi yake ya vilima vinavyofanana na tembo weupe, ya mwaka 1927, anawaweka mwanamume na msichana kwenye kituo cha treni Uhispania wakisubiri treni ya kwenda Madrid. Wanakunywa na kubishana juu ya upasuaji mdogo. Upasuaji gani? Hautajwi kwa jina hata mara moja. Ni utoaji mimba, na msomaji anaujua kwa jinsi mwanamume anavyorudiarudia kwamba ni jambo dogo sana. Hapa naomba niwaonye wanaoandika: kuacha si kuficha usichokijua. Hemingway mwenyewe alisema mwaka 1932 kwamba mwandishi anayeacha mambo kwa sababu hayajui anaacha mashimo tu. Fumbo linahitaji mfumbaji anayelijua jibu.

Na Chopin, ambaye nimemtaja juu, ana namna yake tofauti, na kwangu ndiyo kali kuliko zote. Bi. Mallard, mgonjwa wa moyo, anapewa habari kwamba mumewe amekufa kwenye ajali ya treni. Analia, anajifungia chumbani, na huko peke yake anaanza kuhisi kitu ambacho hakukitarajia: yuko huru. Saa haijaisha, mume anaingia mlangoni mzima, hakuwa hata karibu na ajali. Mke anaanguka na kufa. Madaktari wanasema ameuawa na furaha. Ndani ya nyumba ile hakuna anayejua ukweli, na aliyeujua amekufa. Umebaki nao wewe. Ukiwa kijana unacheka kejeli hiyo. Ukishaishi ndani ya ndoa, iwe nzuri au mbaya, kicheko kinapungua, hasa ukikumbuka kwamba Chopin anatuambia mume yule hakuwa katili. Alikuwa na uso ambao daima ulimtazama mkewe kwa upendo.

Wasomaji hawapendi siku zote kuachiwa mzigo. Mmarekani Shirley Jackson alipochapisha "Bahati Nasibu" kwenye jarida la The New Yorker mwezi Juni 1948, hadithi ya kijiji tulivu kinachopiga kura kila mwaka na mshindi anapigwa mawe, alipokea zaidi ya barua 300 majira hayo. Nyingi zilikuwa za mshangao na matusi. Wengine waliuliza maana yake ni nini. Wengine, na hili ndilo linalotisha kuliko hadithi, waliuliza bahati nasibu hizo hufanyika wapi na kama mtu anaweza kwenda kutazama. Angewapa sababu ya desturi ile wangetulia, na pengine tusingekuwa tunaisoma leo. Hakuwapa.

Kuhusu hamu ya ujana, nadhani rafiki yako amegeuza mambo. Hamu ya ujana ingekurudisha kwenye hadithi ileile uliyoiacha. Wewe umekuta nyingine. Jipime: andika mambo matatu unayoyakumbuka kuhusu hadithi moja kabla hujaifungua, kisha isome. Mara nyingi utakuta uliyoyakumbuka ni matukio, na yaliyokushika sasa ni mtu fulani wa pembeni au kimya fulani baina ya watu wawili. Kama hakuna kilichobadilika, basi labda hadithi hiyo ni ya kawaida, hata kama ni ya kale. Zipo. Uzee si cheo, na baadhi ya hadithi zinazoitwa bora zina dharau kwa wanawake, kwa watumishi na kwa mataifa mengine, kiasi kwamba ustadi wa msuko hautoshi kuzifuta. Sioni kwa nini tuzisome kwa heshima tusiyoihisi.

Jambo moja la matumizi kabla sijafika kwa rafiki yako. Usisome mkusanyiko mzima mfululizo kama riwaya. Hadithi ya tatu huua ya kwanza, na ya sita unaisoma ukiwa umechoka kushtushwa. Soma moja, ufunge kitabu, ufanye mambo yako. Ikikusumbua kesho yake, isome tena ukianzia ukurasa wa kwanza, na safari hii angalia zaidi yale yaliyosemwa kwa kupita tu, kama maneno ya yule sonara.

Rafiki yako mpe ya Chopin. Ina maneno kama elfu moja, kwa hiyo hawezi kusingizia muda, na shule huenda haikumlazimisha. Usimwambie mwisho, wala usimuulize funzo. Akimaliza muulize tu kama madaktari walisema kweli, halafu umwache azungumze. Na akikwambia hadithi za watu kukaa chumbani na kuwaza hazimwingii, mpe ile ya mkono wa nyani, ila mshauri aisome mchana.